Kabla hujanunua mtambo wa mafuta ya kunukia: habari za Jabal Akhdar, Pemba na Nzwani

Tangu niandike kuhusu kilimo cha mchaichai, simu nyingi zinazoingia zinauliza jambo moja: "Bwana shamba, mafuta yake naweza kuyatoa mwenyewe nyumbani?" Wengine ni wastaafu wanaotafuta kitu cha kuwashughulisha jioni, wengine ni akina mama wanaotengeneza sabuni, na wapo wafanyabiashara walioshatajiwa bei ya mtambo na wanataka nibariki tu ununuzi. Jibu ni ndiyo, inawezekana. Lakini leo nitaanza na historia kabla ya vipimo, na nina sababu yangu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nasimamia kikundi cha akina mama 14. Kila mmoja alichanga shilingi 35,000, jumla 490,000, tukamwendea fundi akatutengenezea mtambo wa pipa la lita 200 lenye bomba la kupozea. Pipa lilikuwa limebeba oili ya magari. Mimi ndiye niliyesema likioshwa kwa sabuni na maji ya moto litafaa. Siku ya kwanza tulipakia kilo 40 za mchaichai na kuchochea kuni kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri. Tulichopata ni ndoo ya maji yanayonuka gereji, na juu yake mafuta ya kijiko kimoja na nusu. Mama mmoja, mkubwa kuliko wote pale, alikitazama kijiko kisha akanitazama mimi. "Bwana shamba, hiki ndicho kijiko cha laki nne na tisini?"

Kesho yake mgambo walikuja kuuliza nani anapika gongo. Mtambo ule sasa unakinga maji ya mvua.

Aibu ile ndiyo iliyonifanya nianze kusoma habari za watu waliofanya kazi hii kabla yetu. Nilichokikuta ningetamani kukijua kabla ya mchango wa kwanza.

Chungu, bakuli na maji baridi

Aliyewahi kufunua sufuria ya wali akaona matone chini ya mfuniko ameshaiona kazi yote. Mvuke unapopita katikati ya majani au maua hubeba mafuta yake ya kunukia. Ukigusa kitu cha baridi unarudi kuwa maji, na mafuta hujitenga. Mtambo wa gongo hufanya vivyo hivyo kwa pombe, ndiyo maana mgambo hawakukosea sana kutushuku. Ukitaka kujaribu, mwambie mwenyekiti wa kijiji mapema na umwonyeshe unachochemsha.

Ujuzi huu ni wa kale. Katika karne ya 9, al-Kindi wa Baghdad aliandika kitabu kizima kuhusu manukato na namna ya kuyatonesha. Wakati huohuo jimbo la Fars, katika Uajemi, lilikuwa likitoa maji ya waridi kama sehemu ya kodi: orodha aliyoinukuu Ibn Khaldun inataja chupa 30,000. Maji hayo ndiyo sisi wa pwani tunayaita marashi, yale yanayonyunyizwa kwa mrashi harusini na kwenye maulidi.

Mahali ambapo kazi hii imebaki mikononi mwa familia hadi nyakati zetu ni Jabal Akhdar, milima ya Oman. Huko juu, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, wakulima wana matuta membamba ya ardhi kwenye kingo za mlima, yanayonyweshwa kwa mifereji ya kale wanayoiita falaj. Mawaridi hufungua kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei. Huchumwa alfajiri, kabla jua halijapanda na kuichukua harufu.

Jikoni mwao pana jiko la mawe na udongo lenye matundu kadhaa juu. Kila tundu hukalia chungu. Ndani ya chungu huwekwa maua, na katikati ya maua hukaa chombo kidogo cha shaba kilicho wazi. Mdomo wa chungu hufunikwa kwa bakuli la shaba lililojaa maji baridi. Mvuke hupanda, hugonga kitako cha bakuli, hupoa, na matone huangukia kwenye kile chombo kidogo. Maji ya bakuli yakipata moto hubadilishwa. Baada ya saa kadhaa wanatoa kile chombo, wanaweka maua mapya na kuendelea. Maji yaliyopatikana hutiwa kwenye mitungi ya udongo na kuachwa siku nyingi yatulie kabla ya kuuzwa.

Hapana bomba wala pipa wala fundi wa kuchomelea. Tena angalia wanachouza: maji. Si mafuta. Ili kupata kilo moja ya mafuta ya waridi unahitaji takriban tani tatu na nusu hadi nne za maua. Familia yenye matuta machache ingechuma msimu mzima na kupata kichupa. Kwa hiyo walijenga soko la maji, na soko hilo lilikuwa la watu wanaowafahamu: jirani, msikiti, mfanya halua, mwenye harusi. Siku hizi wengi wamehamia mitambo ya chuma na gesi, na maji yanatoka meupe, safi. Lakini marashi ya jiko la kale yana harufu ya moshi kwa mbali, na wapo wateja wanaoitafuta hiyohiyo.

Sisi tulianza kwa kutaka mafuta, tena ya kumuuzia mtu tusiyemjua. Maji ya mchaichai, ambayo mtengeneza sabuni wa kijijini angeyatumia, tuliyamwaga. Ni kweli yalinuka oili, lakini hata yangekuwa safi tungeyamwaga.

Makonyo

Oman inatupeleka Unguja na Pemba bila kupinda njia. Karafuu zililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi, na Sayyid Said bin Sultan, aliyehamishia makao yake Zanzibar kutoka Muscat, akahimiza zipandwe kwa wingi. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba iliponea, na tangu hapo ndiyo mama wa karafuu.

Mchumaji hashuki mtini na karafuu pekee. Anashuka na vishada. Jioni familia hukaa chini kuchambua: karafuu upande huu, vikonyo upande ule. Mtu asiyejua angevifagia vikonyo hivyo jikoni viwe kuni. Lakini makonyo makavu yana mafuta kiasi cha asilimia 5 hadi 6 ya uzito wake, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni yujenoli, ile dawa ambayo harufu yake unaikuta ukifungua mlango wa daktari wa meno. Linganisha na mchaichai mbichi, unaotoa asilimia 0.2 hadi 0.4 hivi. Kilo 40 za makonyo zinaweza kukupa zaidi ya kilo mbili za mafuta, na kilo 40 za mchaichai, kila kitu kikienda sawa, gramu 80 hadi 160. Laiti ningeipiga hesabu hiyo kwenye kikao cha kwanza.

Kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 wakemia wa Ulaya walijua kuigeuza yujenoli kuwa vanilini, ladha ya vanila ya kutengeneza. Kwa hiyo makonyo yaliyochambuliwa Pemba yalisafirishwa yakiwa makavu na kwenda kutoneshwa ng'ambo. Faida ya mafuta ikabaki huko. Baadaye vanilini ikaanza kupatikana kwa bei nafuu kutokana na mabaki ya viwanda vya karatasi, na mnunuzi mkubwa wa mafuta ya karafuu akapungua. Mkulima wa Pemba hakufanya kosa lolote shambani. Kilichobadilika ni kiwanda katika nchi asiyoijua.

Leo Zanzibar ina kiwanda chake cha mafuta huko Wawi, Chake Chake, chini ya shirika la ZSTC. Kazi yake kubwa ni makonyo, lakini pia hutonesha mchaichai, mkaratusi na majani ya mdalasini. Jiulize kwa nini kiwanda cha makonyo kinahangaika na mchaichai. Karafuu zina misimu, na mwaka mmoja huzaa sana, mwaka mwingine kidogo. Mtambo uliolala haulipi. Kikundi chetu kilikuwa na robo eka ya mchaichai, yaani mzigo wa siku chache kwa msimu, na pipa ambalo lingekaa bure siku zote nyingine.

Nawaambia ndugu zangu wa Zanzibar wanaosoma hapa: biashara ya karafuu na makonyo ina sheria yake, na mnunuzi ni ZSTC. Usije ukaanza kutonesha makonyo uani ukadhani ni mchezo wa jioni. Uliza kwanza.

Ng'ambo ya pili ya bahari, mashariki mwa Madagaska, wakulima walichukua njia nyingine: wanatonesha majani ya mkarafuu wenyewe, kwenye mitambo ya kijijini kando ya mito. Ni kazi inayolisha nyumba nyingi. Lakini tawi lililokatwa kwa ajili ya majani halitoi karafuu msimu ujao, kwa hiyo mwenye shida ya pesa leo anakula mavuno ya kesho. Wazee wetu wanakijua kilimo cha namna hiyo.

Langilangi ya Nzwani

Habari iliyonigusa kuliko zote ni ya Komoro, kwa ndugu zetu Wangazija na Wanzwani.

Mlangilangi unaujua ukiwa umetembea Unguja: maua ya njano yenye vidole virefu vilivyolegea, yanayowekwa kitandani kwa bibi harusi pamoja na asumini. Asili yake ni Asia ya kusini-mashariki. Inasimuliwa kwamba kwenye miaka ya 1860 baharia mmoja Mjerumani, Albert Schwenger, alizunguka kisiwa cha Luzon, Ufilipino, akiwa na mtambo mdogo wa kubebeka, akitonesha maua popote alipoyakuta. Mtu mmoja na chombo chake, ndivyo ilivyoanza. Mwaka 1878 mafuta hayo yakaonyeshwa kwenye maonyesho makubwa ya Paris, na watengeneza manukato wakayataka. Wafaransa wakaipanda miti Réunion, kisha Nosy Be, Mayotte na visiwa vya Komoro.

Nzwani ilikuwa imechoka na miwa. Kampuni ya kikoloni ya Bambao, iliyokuwa na uhusiano na nyumba ya manukato ya Chiris katika mji wa Grasse, Ufaransa, ilishika ardhi kubwa ya kisiwa, tena ile nzuri ya mabondeni, na kuweka mitambo ya shaba. Wenyeji wengi walibaki na miteremko, au wakawa wachumaji. Mwaka 1921 manukato ya Chanel No. 5 yalipotoka, langilangi ilikuwa ndani yake. Mwanamke wa Nzwani aliyechuma maua alfajiri alilipwa kwa kilo.

Kazi yenyewe ni ya ustadi. Mlangilangi ukiachwa huwa mti mrefu, kwa hiyo hukatwa kilele ukiwa na mita mbili hivi na matawi hupindwa yatazame chini ili mkono uyafikie. Ua huchumwa likiwa limegeuka njano na kuonyesha doa jekundu katikati. La kijani halina kitu. Huchumwa asubuhi mapema na kuingia mtamboni siku hiyohiyo, kwa sababu ua lililopondeka huwa jeusi na kuharibu mzigo. Kilo 50 za maua hutoa takriban kilo moja ya mafuta. Kisha moto huwaka hadi saa 20, na mafuta hayachanganywi: yanayotoka mwanzo huitwa Ekstra na ndiyo ya bei, yanafuata ya daraja la kwanza, la pili, la tatu. Daraja hupimwa kwa uzito wa mafuta, kwa kipimo kinachoelea kama laktomita tunayopimia maziwa. Ekstra huenda kwenye manukato ya gharama. La tatu huenda kwenye sabuni.

Komoro ilipata uhuru mwaka 1975. Enzi ya kampuni ilipopita, wanakijiji walishika wenyewe mitambo, na leo Nzwani kuna mamia ya watoneshaji wadogo. Kwa muda mrefu visiwa hivi vimekuwa vinara wa dunia kwa langilangi. Ukisikia hivyo unafurahi: hatimaye mkulima amekuwa mwenye mtambo.

Ila moto wa saa 20 unataka kuni. Kilo moja ya mafuta inaweza kula mamia ya kilo za kuni, na kisiwa ni kidogo, kina watu wengi. Kampuni ilikuwa na ardhi ya kutosha. Mtoneshaji mdogo ananunua kuni au anakata mwembe wa babu yake. Msitu wa juu umepungua sana, kwa kilimo na ujenzi na pia kwa mitambo hii, na mito mingi iliyokuwa ikitiririka mwaka mzima sasa hukauka kiangazi. Na mtambo unataka maji baridi ya kupozea mvuke! Mtoneshaji akichoma msitu wa juu anaukausha mto unaopoza bomba lake mwenyewe.

Waliojenga majiko yaliyozibwa, yenye mlango na bomba la moshi, wamepunguza sana kuni kwa kila mzigo. Lakini jiko hilo ni gharama, na wanunuzi wa kupeleka nje ni wachache, nao ndio wanaosema bei. Msimu bei ikianguka, wa kwanza kuumia ni yule aliyenunua kuni kwa mkopo. Mwenye meli au mwenye duka la Paris haangalii rundo la kuni.

Kwa wafanyabiashara nina neno moja hapa kabla sijarudi nyumbani. Karne ya 19 mafuta ya waridi ya Bulgaria yalikuwa yakipitia Constantinople, na wachuuzi wakayachanganya na mafuta ya bei ndogo ya nyasi kutoka India, yanayonukia karibu na waridi. Wanunuzi wa Ulaya walipogundua, walianza kushuku kila chupa, hata ya mkulima mwaminifu. Ukiongeza mafuta ya alizeti kwenye kichupa cha mchaichai, tone moja kwenye karatasi litakusaliti: mafuta ya kunukia hupaa na karibu yote kupotea, ya alizeti huacha doa.

Kurudi uani

Sasa naweza kusema tulikosea wapi, bila kumlaumu fundi. Pipa la oili halioshwi likasafika. Mvuke unakwangua kila kitu. Majani yalikuwa yamezama majini badala ya kukaa juu ya wavu. Mfuniko ulivuja pande zote, wakati watoneshaji wa tangu zamani huziba kiungo kwa unga uliokandwa, kitu ambacho kila mama pale alikuwa nacho nyumbani. Ndoo ya kupozea ilipata moto baada ya saa moja na hatukuwa na maji ya kubadilisha. Moshi uliingia kwa sababu jiko lilikuwa mafiga matatu na upepo.

Wawili kati ya wale akina mama hawakukata tamaa. Mwaka uliofuata niliwapelekea habari ya Jabal Akhdar, tukaijaribu kwa sufuria. Sufuria kubwa ya chuma kisichoshika kutu, maji kidogo chini, jiwe safi, juu ya jiwe bakuli dogo, mchaichai uliokatwa na kunyaushwa kivulini siku moja umezungushwa pembeni. Mfuniko umegeuzwa kichwa chini ili kirungu chake kielekee bakuli, umezibwa kwa unga, na juu yake maji baridi yanayobadilishwa kila yakipata moto. Moto mdogo, saa moja na nusu. Bakuli lilijaa maji yanayonukia sana, na juu yake utando mwembamba wa mafuta unaong'aa. Mmoja wao anayatia maji hayo kwenye sabuni yake ya mche hadi leo, na wateja wanaiulizia.

Ukijaribu, jambo moja huwapoteza wengi: mafuta ya mchaichai na mkaratusi huelea, lakini ya karafuu huzama. Aliyetonesha kichele cha karafuu kutoka dukani akakusanya ya juu tu amemwaga alichokitafuta. Na mafuta yakishatengana na maji ni makali. Hayanywewi, hayapakwi ngozini yakiwa matupu, na chupa yake iwe mbali na watoto.

Tafuta pia mizani ya kuazima na daftari. Andika kilo za majani, kilo za kuni na mililita ulizopata, mara tano au sita, mvua na kiangazi. Ukinipigia simu, hizo namba tatu ndizo nitakazokuuliza kwanza, kabla hatujazungumza bei ya mtambo.